Maktaba ya Bunge, Washington: nilikokikuta kitabu cha ngumbaru cha Mama

Mimi si msomi. Natunza wazee zamu ya usiku hapa Silver Spring, Maryland, kazi ambayo sisi tuliotoka nyumbani tunaiita kubeba maboksi hata kama boksi lenyewe hulioni. Naandika haya kwa sababu nimekaa miaka 11 karibu kabisa na Library of Congress, yaani Maktaba ya Bunge la Marekani, na miaka yote hiyo niliamini ni mahali pa maprofesa na wabunge. Wenzangu wengi hapa wanaamini hivyo mpaka leo. Kumbe mlango uko wazi, hawatozi hata senti, na ndani yake kuna vitu vyetu.

Nianze na kilichonipeleka.

Mama yangu alijua kusoma akiwa na miaka 23, Ukerewe, mwaka 1973, katika darasa la ngumbaru. Waliozaliwa juzi huenda hawalijui neno hilo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, lakini kule Kanda ya Ziwa shughuli ilikuwa imeanza mapema zaidi, tangu 1968, kwa mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO na kuongozwa kutoka Mwanza. Watu wazima walifundishwa kusoma kwa kutumia kazi yao wenyewe. Mkulima wa pamba alisomea pamba, wa migomba alisomea migomba, mvuvi alisomea uvuvi, mfugaji ng'ombe. Vitabu vilikuwa vyembamba, vya karatasi hafifu, vyenye picha za kuchorwa kwa mkono. Cha Mama kilikuwa cha pamba. Jioni akitoka shamba alimwachia Bibi mtoto, yaani kaka yangu mkubwa, akaenda kukaa kwenye benchi la kanisa na wanawake wenzake, kibatari mbele yao. Baba hakupenda mwanzoni. Akaja kupenda siku Mama aliposoma karatasi ya mizani ya chama cha msingi cha ushirika na kumwonyesha kwamba kilo zilizoandikwa si kilo walizobeba.

Sensa ya 1967 ilikuta karibu theluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawajui kusoma. Katika mtihani wa taifa wa Agosti 1975 wasiojua wakaonekana wamebaki asilimia 39. Mama alifanya mtihani ule. Cheti anacho hadi leo. Kitabu kililiwa na mchwa, kikiwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, na kwa namna anavyokisimulia ungedhani anamsimulia ndugu aliyefariki.

Kwa hiyo nilikitafuta. Kaka aliulizia Nansio nzima, mji wetu wa Ukerewe, kwa walimu wastaafu na kwa wajane wa walimu wastaafu. Mimi nilitafuta mtandaoni, na duka moja la vitabu vya mitumba, nisilitaje jina, likachukua dola 45 zangu na kuniletea kijitabu cha sarufi kwa watalii. Nikakata tamaa. Kisha bibi mmoja ninayemtunza, mwalimu wa shule miaka ya zamani, akaniuliza usiku mmoja nikimbadilishia shuka: je, umewauliza wale wa Maktaba ya Bunge?

Kwenye tovuti yao kuna sehemu ya kumwandikia mkutubi swali. Unachagua idara, unaandika unachotafuta, unaacha barua pepe yako. Niliandika kwa Kiingereza changu hiki hiki: natafuta kijitabu cha kisomo cha watu wazima, cha pamba, Mwanza, miaka ya mwanzo ya 70, sijui jina lake lote, jalada lilikuwa na mwanamke amebeba kikapu. Siku nne baadaye nikajibiwa na mtu, nasema mtu kwa sababu nilitegemea jibu la mashine. Alinieleza kwamba Idara ya Afrika ina mkusanyo wa vijitabu ambavyo havikuorodheshwa kimoja kimoja kwenye katalogi, vimepangwa katika majalada, yaani mafaili, kwa nchi na kwa mada, na kwamba kuna majalada ya elimu ya watu wazima Tanzania. Hakuniahidi kitu. Alisema nije tuangalie.

Kwa atakayetaka kwenda: mimi nilipanda treni ya mstari mwekundu hadi Metro Center, nikabadilisha, nikashuka Capitol South. Unapanda kilima kidogo tu. Majengo ni matatu. La zamani linaitwa Jefferson, la 1897, ndilo lenye kuba na ndilo watalii wanalopigia picha. Adams ni la miaka ya 30. Madison ni la 1980, kubwa na la mraba, na kadi yangu niliitengenezea hapo. Wanataka uwe umefikisha miaka 16 na uwe na kitambulisho chenye picha. Mimi nilitoa pasipoti yangu ya Tanzania. Nilikuwa nimejiandaa na majibu. Nilidhani wataniuliza chuo gani, utafiti gani, nani amekutuma. Nimeishi nchi hii nikiulizwa karatasi kila dirisha ninalosimama. Dada wa mapokezi aliniuliza jina langu linatamkwaje, akanipiga picha, akanipa kadi ya miaka miwili. Nilitoka pale nikaisoma tena na tena: imeandikwa msomaji. Mimi, binti wa mwanafunzi wa ngumbaru.

Mkoba na koti unaviacha chumba cha kuhifadhia mizigo. Unaingia na daftari, kalamu ya risasi na simu. Hakuna kuazima kitabu ukaenda nacho nyumbani, wala huruhusiwi kutembea katikati ya makabati ukichagua. Unaandika ombi, unaletewa, unasomea pale pale. Wapo watakaoliona hilo ni kero. Mimi nimeona kitabu kinavyoweza kupotea katika nyumba yenye mapenzi tele, kwa hiyo siwalaumu.

Kutoka Madison kuna njia ya chini ya ardhi hadi Jefferson. Chumba cha kusomea cha Afrika na Mashariki ya Kati kiko ghorofa ya pili. Dari ni juu sana, meza za mbao, taa ya kila msomaji, na kimya cha watu wanaofanya kazi. Alikuwapo mzee mmoja anasoma Kiamhari, na kijana mwenye ramani. Mkutubi wangu aliinuka, akasema "Karibu" kwa Kiswahili safi, akanionyesha kiti, akaenda kuleta majalada.

Nilipokuwa nasubiri nilisoma historia ya mahali penyewe, na nataka kuisimulia kidogo kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini kijitabu cha wakulima wa Ukerewe kiko kwenye kilima cha wabunge wa Marekani.

Maktaba ilianzishwa tarehe 24 Aprili 1800, kwa sheria iliyotenga dola 5,000 za kununulia wabunge vitabu. Vya kwanza viliagizwa London, 740 tu, vingi vya sheria. Agosti 1814 askari wa Uingereza waliingia Washington wakalichoma Bunge, na maktaba ikaungua nalo. Hapo ndipo Thomas Jefferson, rais mstaafu mwenye madeni, alipojitolea kuiuzia serikali maktaba yake ya nyumbani: vitabu 6,487 kwa dola 23,950. Wabunge walibishana. Wengine walisema vitabu vya falsafa na lugha za kigeni vina kazi gani bungeni. Jefferson alishajibu: hakuna somo ambalo mbunge hatakuja kuwa na haja nalo siku moja. Hoja ikapita kwa kura chache, na mwaka 1815 vitabu vikaletwa kwa magari ya kukokotwa na farasi. Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake, na siwezi kumsifia vitabu nikanyamazia hilo. Lakini jibu lake ndilo lililoufungua mlango. Kama hakuna somo lisilohitajika, basi hata palizi ya pamba inahitajika.

Moto ulirudi mkesha wa Krismasi 1851, safari hii kwa hitilafu ya bomba la moshi, ukala vitabu 35,000, pamoja na theluthi mbili ya vile vya Jefferson. Niliposoma hapo nilimfikiria Mama na mchwa wake. Hawa nao wamepoteza mara mbili, wakaanza upya mara mbili.

Aliyeigeuza kuwa maktaba ya taifa zima ni mkutubi Ainsworth Rand Spofford. Mwaka 1870 alifanikisha sheria iliyoleta usajili wa hakimiliki chini ya paa lake: anayetaka kazi yake ilindwe, aweke pale nakala mbili. Vitabu vikamiminika mpaka vikarundikwa sakafuni, na ndiyo sababu jengo la 1897 likajengwa. Mpaka leo kisheria ni maktaba ya Bunge, lakini kazi inayofanya ni ya maktaba ya taifa: kupokea kinachochapishwa nchini, kukiandika, kukitunza kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa. Kwetu kazi hiyo ni ya Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967, siku nchi inatimiza miaka sita ya Uhuru. Bodi inayoisimamia iliundwa kwa sheria ya 1963. Nimepita Mtaa wa Maktaba nikiwa kwenye daladala mara ngapi, nikilisoma jina la mtaa bila kujiuliza limetoka wapi! Likizo zangu huwa ni wiki tatu, na zote huishia kwenye meli ya Nansio. Ijayo nimeahidi nafsi yangu siku mbili za Dar kwa ajili ya jengo lile.

Sasa, Washington ilipataje vitu vyetu? Idara ya Afrika ilianzishwa 1960, mwaka nchi nyingi za Afrika zilipopata uhuru. Mwaka 1966 Maktaba ikafungua ofisi Nairobi, na ofisi ile ipo hadi leo, moja kati ya sita zilizo nje ya Marekani. Kazi yake ni kununua na kukusanya machapisho ya Afrika Mashariki na nchi nyingine nyingi za bara: magazeti, ripoti za serikali, mashairi, vitabu vya dini, matangazo ya vyama, na vile vijitabu ambavyo hakuna duka linalovipanga mbele. Mkutubi alinieleza kwamba karatasi nyembamba kama hizi ndizo ngumu kupata, kwa kuwa zinagawiwa siku moja na kuisha siku hiyo hiyo. Mtu fulani aliziomba, akazifunga, akazituma. Simjui. Namshukuru.

Alileta majalada matatu. La kwanza lilikuwa ripoti. La pili lilikuwa hotuba, na karatasi za kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, ile ya redio, ambayo Mama huisimulia kwa jinsi walivyochimba vyoo kijiji kizima. La tatu lilikuwa vitabu vya kisomo.

Uvuvi. Migomba. Mapishi na malezi. Kisha pamba.

Sikukijua kwa jina, nilikijua kwa mwanamke wa jaladani, kikapu kichwani, shuka kifuani. Mama alikuwa sahihi kwa kila kitu isipokuwa rangi. Ndani kulikuwa na somo la kuandaa shamba, la kupanda kwa mistari, la palizi, la dawa, la kuchambua pamba safi na fifi. Maneno machache kila ukurasa, yanarudiwarudiwa mpaka jicho liyazoee, na hesabu za kilo na senti mwishoni. Kurasa za somo la mizani nilizisoma nikashindwa kuendelea. Mkutubi akaniletea karatasi laini za kufutia macho na kurudi mezani kwake bila kuniuliza kitu, na adabu hiyo naiweka kwenye tathmini yangu kama huduma nyingine yoyote.

Picha unaruhusiwa kupiga kwa simu bila mwanga, kwa matumizi yako mwenyewe, na ukimuuliza mkutubi kwanza. Nilipiga kurasa zote.

Nilikuwa na saa mbili kabla ya kwenda kulala kwa ajili ya zamu, nikaomba nionyeshwe vitabu vyetu vya kawaida vinakaa wapi. Hivyo havimo katika majalada, vimo kwenye hazina kuu na vina namba. Fasihi ya Kiswahili iko PL8704. Chini ya herufi PL wamewekwa Wachina, Wajapani, Wakorea, lugha za Pasifiki na sisi Waafrika, kundi moja. Aliyeupanga mfumo huo alituweka sote karibu na mwisho wa foleni ya lugha, baada ya za Ulaya, na namba zikishagandishwa kwenye mamilioni ya migongo ya vitabu hazibadiliki kirahisi. Ningependa zibadilike. Lakini ukiandika PL8704 kwenye katalogi yao, ambayo hata aliyeko Ukerewe anaweza kuifungua kwenye simu, utaona orodha ndefu ya riwaya, tenzi, diwani na tamthilia, vya Dar, Nairobi, Zanzibar, Mombasa. Wanasema wana vitu zaidi ya milioni 170, kwa lugha zipatazo 470. Kiswahili kina kiti chake.

Nilipita pia kwenye chumba kikuu cha kusomea, chini ya kuba. Ukiwa na kadi unaingia kukaa mezani, wakati watalii wanatazama kutoka juu nyuma ya kioo. Ndani ya kuba kumechorwa watu 12 wenye mabawa, kila mmoja ni nchi au zama zilizochangia maarifa ya dunia: Ugiriki falsafa, Uislamu fizikia, Ujerumani uchapaji, Ufaransa ukombozi. Afrika yuko mmoja, Misri, naye amepewa maandishi. Nilikaa nikamtazama. Wangeweza kuongeza, lakini kati ya vitu vyote, maandishi ndiyo niliyokuwa nimeyabeba ndani ya simu.

Na kuna mtu mmoja ambaye ningetaka kila Mswahili anayeingia pale amjue. Daniel Murray, kijana mweusi wa Baltimore, mwana wa baba aliyewahi kuwa mtumwa, aliajiriwa hapo 1871 na akadumu kazini zaidi ya miaka 50. Kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya 1900 aliombwa akusanye vitabu vilivyoandikwa na watu weusi. Akaandikia barua makanisa, shule na magazeti, akapata mamia, na vingi vikabaki katika Maktaba. Mwaka 2016 kiti cha mkutubi mkuu kilikaliwa na Carla Hayden, mwanamke wa kwanza na Mmarekani mweusi wa kwanza kukikalia. Miaka 145 kati ya kuajiriwa kwa mmoja na kuapishwa kwa mwingine. Nimeipiga hesabu hiyo mezani pale pale.

Ushauri wangu kwa atakayekwenda ni huu: andika kwanza, usiende ukiwa na hamu peke yake. Sehemu ya vitu huwekwa maghala ya nje ya mji, Maryland, na huchukua muda kuletwa. Mweleze mkutubi unachokumbuka hata kama ni picha ya jalada tu. Nenda siku ya kazi, asubuhi, ukiwa umekula. Vaa viatu vya kutembea. Na usitafute kwa katalogi tu ukahitimisha kwamba hakipo. Cha kwangu hakikuwa na jina lake popote kwenye mtandao.

Ninalotamani ni kwamba vijitabu vile vipigwe picha na kuwekwa wazi, ili mwalimu wa Nansio avione bila viza. Naelewa kuna hakimiliki na kuna gharama. Bado natamani.

Jioni ile nilipitia duka la kuchapishia, nikatoa kurasa zote kwenye karatasi, nikazishona kwa uzi. Kwa Mama ilikuwa alfajiri. Kaka alimshikia simu. Nilimwonyesha jalada, akanyamaza, akavaa miwani, akasema sogeza karibu. Akaanza kusoma. Sauti haikuwa ile ya kunipigia hadithi. Ilikuwa ya darasani, neno, kituo, neno, kituo, na mkono wake niliuona ukifuata mstari hewani. Nilifunua kurasa moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho, ile ya hesabu.

"Na cha pili?" akaniuliza.

"Cha pili kipi, Mama?"

"Vilikuwa viwili. Hiki ndicho cha kwanza, cha walioanza. Cha pili kilikuwa na habari ya kuuza."

Jumanne nina mapumziko. Nimeshamwandikia mkutubi.